Matulo Hakuna Dumuzi

Gladwell Wahu alikuwa na akili, hilo sibishani na mtu. Lakini wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na wangemjua Gladwell wangesema mara mbili. Msichana alikaa mezani kwa baba yake Kitale tangu mahindi yakiwa magotini mpaka yakakaribia kuvunwa, akiandika maswali. Maswali tu. Anaandika, anafuta, anamsomea mama yake, mama anajibu huku akichambua mboga, jibu halimpendezi, anafuta tena. Mama yake, Kabura, alifika mahali ambapo ukimuuliza chumvi iko wapi, anataka kwanza kujua kama jibu litaandikwa.

Ilikuwa hojaji ya masomo yake ya uzamili. Alitaka kujua wakulima hupoteza mahindi kiasi gani ghalani kwa sababu ya dumuzi, yule mdudu mdogo anayeingia kwenye gunia kimya kimya na kukuachia unga ambao hukuomba kusagiwa. Jambo la maana hilo, tena sana. Kila nyumba ya mkulima ina kilio chake cha dumuzi. Kazi ilikuwa kuwafanya watu wakiseme.

Msimamizi wake, Daktari Nyaguthii, alikuwa mwanamke mfupi wa miwani mikubwa na kalamu nyekundu isiyojua huruma. Alisoma hojaji akakwama kwenye swali lililosema, "Je, unakubali kwamba mkulima mwerevu hukausha mahindi yake vizuri?"

"Gladwell, nani atasema hapana?"

"Hakuna, Daktari."

"Basi umeuliza nini?"

Likafutwa. Kisha kalamu ikarudi ukurasa wa kwanza, penye maswali ya watoto, ndoa, shamba, mifugo na nyumba. "Haya yapeleke mwisho," Daktari alisema. "Mtu aanze na mahindi. Mambo ya nyumbani kwake atakuambia akishakuzoea."

Hapo ndipo Gladwell alipojitia uziwi. Kwao amefunzwa adabu. Utaingiaje kwa mtu uanze kuchungulia gunia lake hata hujamuuliza ana watoto wangapi na hali yao ikoje? Huo si utafiti, huo ni upekuzi. Akayaacha palepale mwanzoni. Na ili kurasa zitoshe, akakata swali la mwisho kabisa, lile ambalo Daktari alilipenda: "Je, wewe una swali kwa mtafiti?" Aliona halina kazi. Mkulima atamuuliza nini yeye?

Na muda ulikuwa umembana. Mwisho wa mwezi Daktari Nyaguthii alikuwa anaenda likizo ndefu ya utafiti. Hojaji isipojaribiwa na kutiwa sahihi kabla hajaondoka, msimu wa kuhifadhi mahindi unampita Gladwell, angoje mavuno mengine. Mwaka mzima tena wa kuketi mezani na baba yake, Muigai, ambaye kila jioni alimuuliza swali lilelile: "Na hayo masomo, yana mlango wa kutokea?" Gladwell aliogopa mwaka huo kuliko alivyoogopa kalamu nyekundu.

Hojaji ilitakiwa kujaribiwa mahali asipojulikana, kwa sababu Kitale angehojiwa yeye kabla hajahoji. Akachagua Matulo, upande wa Bungoma, karibu na Webuye. Asubuhi ya safari Kabura alimsimamisha mlangoni.

"Unaenda kwa watu mkono mtupu?"

"Mama, ni utafiti."

"Utafiti ndio unakataza sukari?"

Akamjazia kikapu, sukari na majani chai ya kila nyumba. Na kwa kuwa mwanawe alikuwa anaenda mbele za watu, akamvalisha lile gauni la buluu alilovaa kwenye harusi ya binamu yake.

Sasa hebu nikuulize wewe unayeijua Bungoma. Kule, kabla msichana hajaolewa, watu wake hutuma macho kuangalia boma la kijana. Wanataka kuona shamba, ng'ombe, nyumba, choo, na kama mama mkwe ana mdomo. Aje basi msichana mgeni, amependeza, ana sukari na majani kikapuni, abishe hodi na kuuliza mna watoto wa kiume wangapi na nani kati yao hajaoa. Utasema amefuata dumuzi?

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Roselyne Nangila, mjane mpole mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Alimkaribisha, akapokea sukari, akaketi.

"Nani huishi katika nyumba hii?" Gladwell alisoma.

"Ni mimi na kijana yangu Hesbon. Wale wengine walishaoa, wako kwao."

"Hesbon ameoa, hajaoa, ameachana au amefiwa?"

Roselyne aliweka kikombe chini. Akamwangalia msichana kuanzia viatu. Akaangalia kikapu, akarudi kwa gauni.

"Hajaoa," akasema polepole. "Ngoja kidogo, mama."

Akatoka mpaka kwenye ua, akaita kwa sauti ya mtu ambaye ng'ombe wake amezaa pacha. "Peris! We Peris! Wacha hiyo kazi ukuje!"

Peris alikuwa dada ya marehemu mumewe, kwa hiyo senge wa Hesbon, na senge kule ndiye serikali ya mambo ya ndoa. Akaja na mikono ina unga, akaketi kiti cha mbele bila kuambiwa. "Endelea, mwanangu," akasema. "Sisi hatuna kitu ya kuficha."

Gladwell akauliza shamba ni ekari ngapi. Roselyne akasema tatu. Peris akakohoa, zikawa tano. Akauliza ng'ombe, wakawa wengi kuliko kamba zilizoonekana uani. Akauliza choo, na Peris akasimama akitaka kumpeleka akakione saa hiyohiyo. Gladwell aliandika kila kitu akiwa na furaha ya mwendawazimu. Watu gani hawa, wanajibu hata hujamaliza kuuliza! Nje, kuku alipiga kelele mara moja akanyamaza.

Kisha Peris akatoka akamleta Hesbon. Alikuwa kwa jirani na mashine yake ya kupukuchua mahindi, na senge alikuwa amemwosha uso kwa nguvu, lakini makapi yalibaki kwenye nywele. Akasalimia, akaketi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Gladwell akapoteza ukurasa. Mimi sisemi kitu. Nasema tu alipoteza ukurasa, na hojaji yenyewe ilikuwa imebanwa kwa pini.

"Mwaka jana," akasoma alipoupata, "mahindi kiasi gani yaliharibiwa na wadudu ghalani?"

"Wadudu gani?" Peris akauliza.

"Dumuzi. Fukusi."

"Kwa hii boma? Si tungekuwa tunawajua. Hatuwajui."

Wakati huohuo dumuzi mmoja, mzima wa afya, alikuwa anakata mbuga juu ya hojaji, ametoka kwenye swali la ekari anaelekea kwenye lile la magunia. Hesbon akanyoosha kidole, akamwokota taratibu, akamtia mfuko wa shati. Macho yao yakakutana. Hesbon akaangalia dari. Gladwell naye alikuwa ameona kila kitu, lakini mtafiti huandika alichoambiwa, akaandika hakuna.

Baada ya kuku na ugali wa wimbi alishukuru, akasema maswali yamekwisha.

"Na sisi?" Hesbon akauliza. "Sisi hatuulizi?"

"Hakuna mahali pake," alijibu Gladwell akimwonyesha ukurasa wa mwisho, na ghafla akaona haya, hata yeye hakujua kwa nini. Roselyne akaomba aachiwe nakala moja ya hojaji, yenye jina la mtafiti na kwao Kitale, ya ukumbusho. Akapewa.

Habari huko Matulo haingoji mtu amalize soda. Gladwell alipofika nyumba iliyofuata, uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi ukang'aa na vijana watatu wamekaa kwa mstari wamevaa mashati ya Jumapili. Mmoja alikuwa mdogo, hata ndevu hana, lakini mama yake akaapa kwamba anakua haraka. Pale uani palifungwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda. Nyumba ya pili yake, ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Nyumba inayofuata, mwekundu tena, pembe ileile, anahema kwa kukimbizwa njia ya mkato. Gladwell alimwandika kila mahali. Akafikiri ni mbegu ya huko.

Na dumuzi? Hakuna. Nyumba baada ya nyumba, hakuna, hatujamwona, hata jina hatulijui.

Daktari Nyaguthii alipoyasoma hayo ofisini kwake Kitale, alicheka mpaka akavua miwani. Alipanguza macho, akaivaa, akasoma tena, akaivua tena.

"Matulo hakuna dumuzi," akasema. "Gladwell, nikuandikie barua tuhamishie huko mahindi yote ya nchi?"

"Ndivyo walivyosema, Daktari."

"Ndiyo maana nasema hojaji yako inaumwa." Hapo kicheko kikaisha. "Kuna kitu katika kuuliza kwako kinawafanya watu wajipambe. Kitafute. Sitatia sahihi kitu kama hiki, na mwisho wa mwezi naondoka."

Gladwell alirudi nyumbani miguu mizito. Aliogopa kweli sasa. Akabadilisha "yaliharibiwa" ikawa "yalipotea", akabadilisha "wadudu" ikawa "viumbe waharibifu", akasoma kwa sauti, akaona upuuzi mtupu. Muigai akapita akielekea zizini, akauliza kuhusu ule mlango wa kutokea. Gladwell akaingia chumbani, akalia kidogo, akatoka kuosha vyombo.

Jumamosi mchana, sinia la chai likiwa mikononi mwake, alisikia hodi langoni. Kuchungulia, nani? Mbele Senge Peris, amefunga kitambaa kipya. Nyuma yake Mama Roselyne na kikapu, na ndani ya kikapu sukari na majani chai. Nyuma ya wote Hesbon, amenyoa, amevaa koti ambalo lilikuwa la mtu mwenye mabega mapana zaidi.

Muigai aliwakaribisha ndani, mgeni ni mgeni, na Kabura akaongeza maji kwenye birika. Walipokwisha kuketi, Peris akasafisha koo.

"Baba Gladwell, Mama Gladwell, tumeshukuru. Msichana wenu alikuja kutuangalia. Tulimkaribisha, akakula kuku, akauliza vizuri kabisa, kwa adabu. Lakini kwetu, mtu akikuangalia, na wewe unaenda kumwangalia. Si ni haki?"

Muigai akamgeukia binti yake. Kabura alikuwa ameshashika moyo kwa raha.

Ndipo Peris akatoa kwenye mkoba ile nakala ya hojaji, akavaa miwani, akalamba kidole, akafunua. "Swali la kwanza," akasema. "Nani huishi katika nyumba hii?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Gladwell alisimama na sinia akisikia maneno yake mwenyewe, yale aliyoyapiga msasa msimu mzima, yakimtoka mwanamke mwingine na kuingia nyumbani kwao na viatu. Ameolewa, hajaolewa, ameachana au amefiwa? Masikio yakamwaka moto.

Lakini baba yake! Muigai alikaa wima kiti kizima. Alipoulizwa shamba, alitaja la kwake akajumlisha na lile analokodi, na nadhani alichota kidogo la kanisa. Alipoulizwa ng'ombe, alinyoosha mkono dirishani na kuhesabu hata yule wa jirani aliyekuwa akikuna shingo kwenye ua. Kabura akasema choo ni cha vigae. Kilikuwa na kigae kimoja, mbele ya mlango.

"Mwaka jana," Peris akasoma, "mahindi kiasi gani yaliharibiwa na wadudu ghalani?"

"Wadudu?" Muigai akashangaa kama malaika. "Hapa kwangu? Aka. Hatuna."

Kicheko kilimpanda Gladwell kutoka tumboni na hakikuomba ruhusa. Akaweka sinia chini kabla halijamwagika. Alicheka akashika ukuta, akacheka akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Wewe unacheka nini?" Muigai akauliza.

"Baba, mwezi wa pili ulilia ghalani. Magunia manne ulimwagia kuku. Nilikuona."

"Nilikuwa na mafua."

"Baba, umedanganya hojaji yangu!" Na akili yake ikafunguka yote kwa mara moja: gauni, sukari, ndoa kwanza na mahindi baadaye. Nani atamwambia mkwe mtarajiwa kwamba ghala lake lina dumuzi? Hata baba yake mzazi hakuweza.

Kicheko kikamkauka, maana ilibidi sasa aseme ukweli. Akawaambia wageni wale, uso chini, kwamba hakuja kuangalia boma. Alikuja kusoma. Alikuwa akitafuta dumuzi, na maswali ya nyumbani aliyatanguliza kwa sababu aliona ndiyo heshima.

Roselyne alivuta kikapu chake karibu na miguu. "Kumbe hukuja kwa ajili yetu," akasema. "Na mimi nilichinja yule jogoo wa Hesbon."

Neno hilo lilimchoma Gladwell kuliko wino wote mwekundu wa duniani. Akapiga goti mbele ya mama yule akamwomba msamaha, na hakuwa anaigiza. Roselyne akamshika bega, na hakuutoa mkono.

"Mimi nilijua," Hesbon akasema.

Wote wakamgeukia. "Ulijua nini?" Peris akauliza.

"Msichana wa kuangalia boma hawezi kuuliza gunia limefungwa na kamba gani. Nilijua ni masomo."

"Na mbona hukusema, bana?"

"Senge, kuna mtu aliniuliza?"

Kabura ndiye aliyeanza, akicheka ndani ya leso. Kisha Roselyne, kisha Peris akavua miwani ya kuhoji. Hesbon akasema basi ukweli ni huu, mwaka jana dumuzi walikula nusu ya ghala lao na mashine yake ilikuwa inapukuchua vumbi. Muigai akasema nusu ni kitu gani, yeye alifungua gunia likapumua. Peris akasema hao ni dumuzi wadogo, wa kwake waliimba usiku. Wakashindana hivyo mpaka chai ikapoa, kila mmoja akivuta wadudu wa kwake wawe wakali zaidi, na Gladwell yuko sakafuni na kalamu, anaandika nyuma ya bahasha, nyuma ya gazeti, anaandika kama mtu anayeteka maji bomba likiwa karibu kufungwa.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Daktari Nyaguthii kabla hajafungua. Mahindi yalikuwa yametangulia. Watoto, ndoa, ng'ombe na choo vilikuwa nyuma kabisa, pamoja na sababu ya kuviuliza. Sukari itolewe wakati wa kuaga. Na juu, kabla ya swali lolote, palikuwa na maneno ya mtafiti kujieleza: "Mimi ni mwanafunzi, nasomea wadudu wa ghala. Kwetu dumuzi walikula magunia manne na baba yangu alilia."

Kalamu nyekundu ikatua hapo, ikasita. "Hili linamwongoza mtu," Daktari alisema. "Lakini si swali, ni salamu. Iache, ila machozi ya baba yako uyaondoe." Akafunua ukurasa wa mwisho, akaona swali lililorudishwa kwa mkono. Akatabasamu. "Irudishe kwa watu walewale. Ukiniletea dumuzi, natia sahihi."

Gladwell akarudi Matulo na sketi yake ya shambani. Ee bwana, dumuzi walimwagika! Kila nyumba ilikuwa na wake, na wenyewe walimvuta mkono akawaone. Alipofika mwisho na kuuliza ng'ombe, yule mama wa mashati ya Jumapili akakuna kichwa akasema hawana, ile ya pembe ni ya jirani yao Wakoli, na Wakoli mwenyewe hajafurahi hata leo. Kwa Mama Roselyne alifika jioni ikianza. Sahihi alijua ameshaipata. Roselyne na Peris wakakumbuka kazi ya jikoni, wakamwachia Hesbon ajibu.

Alijibu yote kwa ukweli. Ekari tatu. Ng'ombe mmoja, tena hatoi maziwa. Hajaoa. Gladwell akafika swali la mwisho, na sauti ikapungua kidogo.

"Je, wewe una swali kwa mtafiti?"

"Ninalo," Hesbon akasema. "Umeuliza mara mbili sasa kama nimeoa. Na wewe je?"

Jikoni sufuria zikanyamaza zote.

Gladwell alijua mtafiti hajibu hojaji yake mwenyewe, ameandika mtihani juu ya jambo hilo na akapita vizuri. Akaigeuza karatasi ielekee upande wa Hesbon, akampa kalamu.

"Andika hajaolewa," akasema.

Hesbon akaandika, polepole, herufi moja moja. Kisha akauliza kama kuna nafasi ya maelezo zaidi. Gladwell akamwambia nyuma ya ukurasa pako wazi pote.

Nje, kuku alipiga kelele mara moja akanyamaza.